Kilo Tisini na Mbili za Makoye Limbu

Nianze kwa kusema kwamba ruhusa ninayo. Makoye Limbu mwenyewe alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kaunta yangu akaniambia, "Mama Kalinga, wasimulie. Wanaume wasikie. Ila usiseme kwamba nililia." Basi nasimulia. Na kulia alilia, tutafika huko.

Mimi ni Verediana Kalinga, Mhehe wa Kilolo, na huu ni mwaka wa kumi na saba nauza dawa za mifugo hapa Chimala. Wateja wangu wengi ni Wasukuma wa huku bondeni Usangu, na kati yao wote hakuna aliyewahi kunichosha kama Makoye, na hakuna ninayempenda kama yeye. Akiingia dukani lazima tugombane. Atasema dawa imekaa juani. Nitamwambia basi katafute duka lenye kivuli kizuri zaidi. Atasoma tarehe kwenye chupa mara tatu, miwani kwenye ncha ya pua, halafu atanunua ile ile niliyomwambia tangu mwanzo. Khaa! Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa!

Alikuja Usangu kijana wa miaka kumi na tisa, anaswaga ng'ombe wa baba yake kwa miguu kutoka Meatu. Ng'ombe wengi walikufa njiani, na yeye anasema ndipo alipojifunza kuchoma sindano, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuchoma. Tangu hapo sindano ni yake. Anampapasa ng'ombe shingoni, anamsemesha Kisukuma kwa sauti ya chini, na mnyama anakuja kushtuka sindano imeshatoka. Dozi haibahatishi. Anamzunguka dume mara moja, anasema, "Huyu mia mbili na arobaini," na ukimpeleka kwenye mizani ya mnadani utakuta amekosea kilo tatu au nne. Watu wanamfuata kutoka vijiji vya mbali. Bomba lake la sindano haligusi mtu. Analichemsha mwenyewe, analifunga kwenye kitambaa cheupe, anaondoka nalo. Hata mkewe haruhusiwi kulishika.

Mkewe ni Mbuke. Mfupi, mcheshi, ana kicheko kinachosikika mpaka barabara kuu. Wameoana miaka thelathini na tatu, na kwa muda wote ninaowajua hawakuwahi kuacha kutaniana. Ndiyo maana siku ile Mbuke alipoingia dukani kwangu akakaa kimya, nilijua kuna jambo.

"Da Vere," akasema, "Baba Ezekiel ana mwanamke."

"Wee!"

"Mwaka mzima halali ndani. Analala kule kibandani kwenye zizi. Ananiambia wezi wa ng'ombe. Wezi gani hao wasiochoka mwaka mzima?" Halafu akalia, akijifuta kwa khanga, huku wateja wawili wakijifanya wanasoma vibandiko vya dawa ya kupe.

Jamani, damu ilinichemka. Makoye alipokuja wiki ile kuchukua dawa ya minyoo nilimvaa. Sikumsalimia hata. Nikamwambia aibu yake, mwanamke aliyemzalia watoto sita, aliyekula naye njaa, leo anamwacha kitandani peke yake na kumdanganya habari ya wezi. Nilisema mengi, mengine sasa nayajutia. Yeye aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akatazama sakafu.

"Mwanamke namtoa wapi, Mama Kalinga?" akasema. "Hata huyu mmoja nimemshindwa."

Nikamsogezea kiti cha plastiki akae.

Ndipo akaniambia. Kisukari kilimwanza miaka mitatu nyuma, na kisukari kikamwondolea nguvu za kiume kidogo kidogo mpaka jogoo akaacha kuwika kabisa. Alinunua unga wa mizizi kwa wauzaji wa mnadani, ukamharisha siku mbili. Akaona bora ahamie zizini kuliko kulala karibu na Mbuke kila siku bila kitu. "Akinigeukia nitamwambia nini?" Hilo ndilo lililokuwa linamla. Wala si ugonjwa wenyewe. Aliona kwamba Mbuke atamdharau, na aliona afadhali amwonee wivu kuliko amwonee huruma.

Nilimwambia aende Mbeya, kuna kliniki ya mambo hayo. Alienda, baada ya kunung'unika miezi miwili. Daktari bingwa, kijana mpole, alimwuliza dawa anazotumia. Alipotaja kidonge cha moyo anachoweka chini ya ulimi, daktari akasema vidonge vya nguvu za kiume kwake ni marufuku kabisa, vikikutana na hicho presha inaweza kushuka akafa. Kwake yeye ipo njia ya sindano, ya kuchoma kwenye uume wenyewe, pembeni.

Mwanaume mwingine angekimbia. Makoye aliposikia sindano alifurahi. Ikawa kama amepelekwa nyumbani kwao.

Walimfundisha hatua kwa hatua. Achome ubavuni, si juu wala chini, na abadilishe upande kila mara. Akitoa sindano abonyeze dakika kadhaa. Asichome mara mbili siku moja. Walimchoma ya kwanza pale pale kliniki wakamkalisha waone inamchukuaje, na kipimo kilipompendeza daktari wakamwekea alama ya kalamu kwenye bomba dogo: mwisho hapa. Na mwisho kabisa daktari akamwambia, akimtazama machoni: "Mzee, ikisimama zikapita saa nne haijalala, usisubiri. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu, hiyo ni dharura."

Makoye aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Moyoni, aliniambia baadaye, alikuwa anacheka. Kijana wa juzi anamfundisha yeye sindano! Aliporudi alimweleza Mbuke yote, ila usiku aliendelea kulala zizini.

Sasa hapa ndipo na mimi ninapoingia kwenye makosa, na sitajificha. Siku ya Alhamisi alikuja dukani, akazungukazunguka kwenye mashine ya kunyunyizia dawa, kisha akauliza kana kwamba amekumbuka tu:

"Mama Kalinga, dozi si huwa inafuata uzito?"

"Inafuata nini tena? Wewe ndiye mwalimu wa hilo."

"Ndama wa kilo tisini na mbili, ukampa kidogo hivi," akaonyesha ncha ya kucha, "itamsaidia kitu?"

"Hiyo utakuwa umemnyima," nikasema, naendelea kupanga makopo. "Mpe dozi yake kamili, usimpunje mnyama."

Kliniki walikuwa wamempima. Makoye Limbu ana kilo tisini na mbili.

Yaani mtu amechoma ng'ombe miaka arobaini, akili yake yote imejengwa juu ya mizani. Kile kimstari cha kalamu kilimwudhi tangu mwanzo. Aliona ni dozi ya kuku. Aliona daktari amemwogopea bure, hakumwona ukubwa wake. Na kweli siku mbili za kwanza alipochoma kwa kipimo ilifanya kazi, ila taratibu, na yeye alitaka Mbuke amwone kama yule kijana aliyetoka Meatu. Basi Jumamosi, watoto na wajukuu wote wakiwa shambani wanavuna mpunga, saa saba na nusu mchana, Makoye akavuta dawa mara mbili ya alama.

Mbuke anasema mwanzoni ilikuwa furaha. Anasema hivyo bila haya yoyote, na anacheka. Saa tisa bado. Saa tisa na nusu wakaanza kutaniana kwamba leo amechukua dawa ya dume la ng'ombe. Saa kumi hakuna aliyekuwa anacheka. Makoye alikuwa ameanza kuumwa, jasho linamtoka, na kile kitu kigumu kama mpini wa jembe na hakina habari na mtu.

Saa kumi na nusu simu yangu ikaita. Mbuke.

"Da Vere, njoo na gari. Ameingia kwenye mfereji."

Nilidhani amezama. Niliacha duka wazi, nikaruka kwenye kirikuu changu kile cha kupelekea wateja pumba, nikaenda kwa mwendo ambao nisingependa mapadre wangu waujue. Nikamkuta Makoye ameketi kwenye mfereji wa kumwagilia mpunga, maji yanamfika kifuani, kofia kichwani, uso umemkauka kwa maumivu. Amejipa tiba ya maji baridi. Mbuke amesimama ukingoni anamsihi.

"Mmechoma saa ngapi?" nikauliza.

"Saa saba na nusu."

Nikahesabu kwa vidole. Saa tatu zimeshapita na dakika za ziada.

"Toka humo twende hospitali."

"Siendi."

"Makoye!"

"Nipeleke Mbeya. Hapa siendi."

"Mbeya ni mbali, na msongamano wa malori barabarani unaujua. Hospitali iko hapa, dakika ishirini!"

Akafumba macho. "Leo zamu ni ya Eveline," akasema.

Hapo nikaelewa, na ninyi mtaelewa. Eveline ni muuguzi, na ni mke wa mtoto wao mkubwa, Ezekiel, anayefanya kazi machimboni Makongolosi. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, tena wa familia inayoshika mila. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hamwangalii, hampi mkono, hataji jina lake, akimwona anakuja njiani anapita pembeni na kuinama. Miaka mitano ameolewa na hajawahi kumsemesha Makoye moja kwa moja. Ujumbe wote unapitia kwa Mbuke. Na Makoye, ambaye kwao Usukumani heshima ya mkwe nayo si mchezo, alikuwa anamheshimu binti huyo kwa kumpisha hata kivuli chake. Sasa aende akavuliwe nguo mbele yake, tena katika hali ile?

"Bora nife," akasema.

Hasira zilinipanda, nawaambia ukweli. Nikavua viatu nikaingia kwenye mfereji na gauni langu. Nikamsogelea.

"Hufi," nikamwambia. "Ungekuwa unakufa ningekuacha. Sikiliza. Chuchu ya ng'ombe ikijaa, ikaziba, damu ikasimama ndani haitoki wala haiingii nyingine, unamwambia mwenye ng'ombe nini?"

Akageukia upande wa pili.

"Nimekuuliza wewe, fundi wa sindano. Unamwambia nini?"

"Aiwahi," akasema polepole.

"Asipoiwahi?"

"Chuchu inakufa. Inakauka. Hairudi tena."

"Na ukimkalisha ng'ombe huyo kwenye maji?"

Alinitazama, na nikaona hofu inamwingia, ile hofu ya mtu anayejua. Kwa sababu hilo alilijua kuliko mimi. Ameona chuchu ngapi zimekufa kwa sababu mwenye ng'ombe aliona haya kumwita mtu mapema? Akanyoosha mkono nimvute.

Kukaa kwenye kiti hakuweza. Tulimlaza nyuma kwenye kirikuu juu ya magunia ya pumba, Mbuke akamfunika khanga mbili na kukaa kando yake ameshika kofia. Kila tuta nililopanda nilisikia "Oo, mayu!" kutoka nyuma, anamwita mama yake kwa Kisukuma, na kila nikisikia nilizidi kukanyaga mafuta. Tulifika saa kumi na mbili kasorobo. Saa nne na robo tangu achome.

Mlangoni kwa dharura akatoka Eveline mwenyewe, kalamu mkononi. Akamwona Mbuke, akamwona aliyelala. Akageuza uso papo hapo, kama alivyolelewa. Makoye akajifunika kofia usoni. Mimi nikasimama katikati yao nimelowa mpaka kiunoni, nikamnong'oneza binti yote: sindano gani, saa ngapi.

Nilidhani atamwita mwingine. Mwingine hakuwepo, alikuwa leba na mama anayejifungua. Eveline alisimama kidogo tu. Kisha akamwita Daktari Lutengano, akaelekeza kitanda, akavuta pazia kuzunguka, na yeye akabaki upande wa nje amelipa pazia mgongo. Kila alichohitaji daktari, Eveline alikipitisha kwa mkono nyuma yake, bila kugeuka: glavu, sindano, dawa, pamba. Nimeona watu wakifanya kazi. Vile sijawahi kuona.

Mbuke na mimi tuliruhusiwa kukaa kichwani kwa mgonjwa. Daktari Lutengano akamwuliza, "Mzee, ulichoma kiasi gani?"

"Kama nilivyoambiwa," Makoye akasema chini ya kofia.

Jamani! Hata pale! Nilifungua mdomo nimchane, lakini sauti ikatoka nje ya pazia, ndogo, imetulia, sauti ambayo Makoye hakuwahi kusikia ikimwelekea yeye maishani.

"Baba, semeni ukweli. Mimi siwaoni. Naandika tu."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye gauni langu.

"Mara mbili," Makoye akasema. "Nilifuata uzito, mwanangu."

"Asante, baba," Eveline akajibu, nikasikia kalamu inakwaruza karatasi.

Daktari alimweleza huku akifanya kazi. Dawa hii haijui kilo, akasema. Mtu mnene na mtu mwembamba wanaweza kuhitaji kipimo kimoja, na mwingine akahitaji kidogo kuliko wote, ndiyo maana inapimwa kliniki kwa kila mtu. Ukizidisha, damu inaingia na kufungiwa ndani, hewa inaisha, na misuli inaanza kufa. Saa nne ni dharura. Anayelala nayo mpaka kesho kwa sababu ya aibu mara nyingi hasimamishi tena, hata kwa sindano. Akamtia ganzi, akaitoa ile damu nyeusi kwa sindano, tena na tena, kisha akachoma dawa ya kubana mishipa, huku wakimpima presha kila mara kwa ajili ya ule moyo wake. Ilichukua karibu saa nzima. Makoye alishika mkono wa Mbuke mpaka vidole vya mama wa watu vikabadilika rangi.

Ilipolala, daktari alisema, "Mmewahi." Neno moja tu. Na ndipo Makoye alipolia. Alilia kwa sauti, kifua kinapanda na kushuka, kofia imeanguka chini, akimwambia Mbuke amsamehe, alitaka tu kumrudishia mume wake.

Mbuke alimwacha alie. Kisha akainama karibu na sikio lake, lakini Mbuke kunong'ona hajui, tulisikia wote.

"We mzee mjinga," akasema. "Mwaka mzima nimelala na ukuta. Nilikuwa nakulilia wewe, mtu wa kuongea naye nikiamka. Umeniona lini nikililia hicho? Rudi ndani. Kikisimama tutashukuru, kisiposimama tutalala."

Mimi nilitoka nje. Eveline naye alikuwa ametoka, amesimama barazani anafuta macho kwa mkono wa gauni la kazi.

Makoye alirudi kulala ndani usiku ule ule aliporuhusiwa. Kile kibanda cha zizini sasa wanafugia kuku.

Wiki sita baadaye daktari bingwa wa Mbeya aliwaita wote wawili. Safari hii nilikuwa na shughuli zangu mjini, nikawapeleka, na Mbuke akanivuta chumbani kwa nguvu. Daktari akapunguza kipimo, akasema wataanza upya taratibu, mara ya kwanza mbele yake. Akachukua bomba dogo, akauliza, "Nani atavuta dawa?"

Nilimtazama Makoye. Miaka arobaini, na bomba lake halijaguswa na mtu.

Alilichukua kwa daktari, akaligeuza mkononi mara moja, akamkabidhi mkewe.

"Avute yeye," akasema. "Mimi nikivuta nitaongeza."

Mbuke akavuta mpaka kwenye alama, akasogeza bomba kwenye mwanga wa dirisha, akagongagonga kutoa hewa kama alivyomwona mumewe akifanya maisha yake yote. Makoye alimwangalia vile anavyomwangalia ng'ombe aliyepona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutafuta cha kukosoa.